Kikombe anakiona, mkono haufiki: uchambuzi wa kisa kimoja cha kiharusi mjini Kigoma

Mgonjwa ambaye kisa chake kinachambuliwa hapa ni mzee aliyepita miaka sitini, mshona nyavu katika mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma, anayetumia mkono wa kulia. Aliletwa katika chumba chetu cha fiziotherapia wiki kadhaa baada ya kupata kiharusi. Barua ya rufaa ilieleza kwamba nguvu za mkono na mguu zimerejea, usemi hauna kasoro, na tatizo lililobaki ni uoni hafifu. Familia nayo iliamini hivyo hivyo. Mwanawe wa kwanza alikwisha kumnunulia miwani, na ilipoonekana haisaidii akamnunulia nyingine yenye nguvu zaidi. Nimeona kisa hiki kinafaa kuandikwa kwa kirefu kwa sababu mzee huyu hakuwa na ugonjwa wa macho hata kidogo, wala misuli yake haikuwa na udhaifu. Kilichoharibika ni kazi inayofanyika katikati, ile inayokichukua kile ambacho jicho limekiona na kukigeuza kuwa mwendo wa mkono.

Mkewe alilieleza tatizo vizuri kuliko barua. Nyumbani, mzee akiwa ametulia na kukitazama chakula, mkono hufika kwenye ugali, ingawa polepole. Lakini akimtazama mtu anayezungumza naye huku akinyoosha mkono kwenye bakuli la dagaa lililo kulia kwake, vidole hutua kando ya bakuli, na mara nyingine hukipiga kikombe cha maji cha jirani kikamwagika. Kwa hiyo alikuwa ameacha kula na wageni. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba kwa sauti ya furaha, akaniangalia usoni, akanyoosha mkono wa kulia ili tushikane, na mkono ule ukapita kando ya wangu.

Jambo lililowatatiza watu wa mwaloni ni kwamba mzee huyo huyo alikuwa bado anashona nyavu. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawatoki, kwa kuwa taa zao hazishindani na mwanga wa mwezi, na hizo ndizo siku ambazo nyavu hutandazwa ufukweni ili zishonwe. Mwanawe alimwona ameweka wavu magotini, mkono wa kushoto umeshika ukingo wa palipochanika, mkono wa kulia unapitisha sindano na kukaza fundo baada ya fundo, macho yakiwa ziwani. Fundo lilikaza vizuri kama zamani. Lakini kila alipomaliza tundu moja na kutaka kulifikia lingine aliloliona mbele yake, mkono ulikwenda pembeni, naye alilazimika kupapasa nyuzi mpaka alipate. Mtu anayeweza kufunga fundo la wavu bila kutazama anashindwaje kushika kikombe? Wawili watatu walianza kusema anajisingizia, na neno hilo lilimuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo kati ya fundo na kikombe, iliyowafanya watu wamshuku, ndiyo iliyobeba utambuzi wote wa ugonjwa.

Uchunguzi ulianza na mambo ya kawaida, kwa sababu hitimisho la aina hii halifai kufikiwa kabla ya sababu nyingine kuondolewa. Nguvu za bega, kiwiko, kiganja na vidole zilikuwa sawa pande zote mbili. Akiwa amefumba macho alitambua kwa kugusa sarafu, ufunguo na kifuniko cha chupa; nilipokisogeza kidole chake gumba juu au chini, alitaja upande bila kukosea; na alipoambiwa aguse ncha ya pua yake, kisha goti, kisha kidole gumba cha mkono wa kushoto, kila mara aligusa palipotakiwa, bila mtetemo. Kipimo hicho cha mwisho kina uzito mkubwa. Mgonjwa aliyeharibikiwa ubongo mdogo, ule ulio chini ya kisogo na unaozuia mwendo usipitilize, hukosea kuilenga pua yake mwenyewe kama anavyokosea kukilenga kidole cha mchunguzi, na mkono wake huyumba zaidi kadiri unavyokaribia. Mzee huyu alikosea pale tu ambapo mahali pa kufikia palipaswa kujulikana kwa macho.

Na macho yenyewe yalikuwa mazima. Alisoma herufi ndogo za ubao kwa kila jicho peke yake, na alihesabu vidole vyangu nilivyovionyesha juu, chini, kulia na kushoto huku akiitazama pua yangu. Nikaweka vikombe viwili mezani, upande wake wa kulia, nikamuuliza kipi kiko karibu naye zaidi.

"Cha bluu, mwanangu. Hicho kilichovunjika kishikio."

"Basi kishike, mzee, lakini macho yako yabaki kwangu."

Mkono uliondoka bila kusita, vidole vimetanuka kana kwamba vinakwenda kushika sufuria, ukatua mezani mbali na kikombe kwa upana wa kiganja kizima, upande ule ambao macho yake yalikuwa yakiuelekea.

"Nakiona," alisema, "ila mkono haujui kilipo."

Niliendelea kwa kupima kila mkono katika kila upande wa uoni, macho yakiwa yametulia katikati. Mkono wa kulia ulikosea sana kwa vitu vilivyokuwa kulia, na kwa kiasi kidogo hata kwa vilivyokuwa kushoto. Mkono wa kushoto ulikosea kwa vitu vya kulia tu. Vya kushoto uliviokota bila shida. Alipoachiwa akitazame kitu moja kwa moja kabla ya kunyoosha mkono, makosa karibu yote yalitoweka. Kisha nikachana tundu refu, jembamba, katika boksi tupu la dawa, nikamwomba apenyeze kadi yake ya kliniki. Alisema sawasawa kwamba tundu limelala upande, lakini kadi aliileta ikiwa imesimama, ikagonga boksi, ndipo akaigeuza kwa kupapasa.

Picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani ya kichwa, ilionyesha sehemu ndogo iliyokufa kwa kukosa damu katika ubongo wa kushoto, nyuma kidogo ya utosi, sehemu ya juu ya pande la ubongo liitwalo parietali, karibu na mtaro wake uitwao intraparietali. Eneo hilo liko mpakani mwa himaya za mishipa mikubwa inayoulisha ubongo, na kwa sababu hiyo hudhurika mapema damu inapopungua. Mzee alikuwa na shinikizo la juu la damu kwa muda mrefu, na alikuwa ameacha vidonge alipojisikia vizuri, jambo tunalolisikia karibu kila siku.

Hali hii inaitwa ataksia ya uoni. Jina hilo lilitolewa mwaka 1909 na daktari wa Hungaria, Rezső Bálint, kwa mgonjwa ambaye mkono wake wa kulia ulivikosa vitu alivyoviona, ilhali mkono wa kushoto ulivishika. Hoja ya Bálint bado ni imara: kama macho ndiyo yenye kasoro, mikono yote miwili ingekosea, maana macho ni yale yale. Mwaka 1988 Marie-Thérèse Perenin na Alain Vighetto, watafiti wa Lyon nchini Ufaransa, walieleza wagonjwa kadhaa wa aina hii, na wale walioharibikiwa upande wa kushoto wa ubongo walikuwa na makosa ya aina mbili yaliyochanganyika, moja likiufuata mkono wa kulia popote unapokwenda, jingine likiufuata upande wa kulia wa uoni kwa mkono wowote. Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee wetu, hata jaribio la kadi na tundu lilikuwa la aina waliyoitumia wao.

Ili kueleza kwa nini kidonda kidogo katika eneo hilo kinaleta upungufu huu na si mwingine, ni lazima tuulize jicho linatoa taarifa gani na mkono unahitaji taarifa gani. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, hupokea mahali pa kikombe kwa kipimo chake yenyewe, yaani umbali wa kikombe kutoka pale jicho lilipoelekea. Jicho likigeuka, kikombe kinahamia sehemu nyingine ya retina ingawa mezani hakijasogea. Mkono hauwezi kuitumia taarifa hiyo ilivyo. Unahitaji kujua kikombe kiko wapi kutoka ulipo sasa hivi. Ni kama mvuvi aliye katika mtumbwi unaogeuka-geuka na mawimbi akimwelekeza mwenzake wa ufukweni kwa kusema "kulia": neno halina msaada mpaka mtu ajue mtumbwi umeelekea wapi na yule wa ufukweni amesimama wapi. Kwa hiyo ubongo lazima uunganishe mambo kadhaa kwa wakati mmoja: picha katika retina, mwelekeo wa jicho ndani ya kichwa, mwelekeo wa kichwa juu ya shingo, na mkao wa bega na kiwiko. Hayo mawili ya mwisho huletwa na hisi za misuli na viungo, wala si macho.

Kazi ya kuunganisha hufanyika kwa sehemu kubwa pale pale alipojeruhiwa mzee huyu. Mwaka 1975 Vernon Mountcastle na wenzake nchini Marekani waliripoti seli za neva katika parietali ya nyani zilizoamka nyani aliponyoosha mkono kukifuata kitu alichokitaka, lakini zikatulia mkono uliposogea kwa namna nyingine. Seli hizo hazikuwa za hisi peke yake wala za mwendo peke yake. Miaka kumi baadaye, mwaka 1985, Richard Andersen na wenzake walionyesha kwamba seli za eneo hilo huipokea picha ya retina, lakini nguvu ya mwitikio wake hupanda au kushuka kulingana na mahali jicho lilipoelekea. Seli moja ya namna hiyo haitoshi kusema kitu kiko wapi. Nyingi zikisomwa kwa pamoja, mahali pa kitu kwa kipimo cha kichwa au mwili panapatikana, ingawa hakuna hata moja kati yake inayopabeba peke yake. Naona hili ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa yaliyowahi kugunduliwa kuhusu ubongo, na linaeleza kwa nini mzee alifanikiwa alipokitazama kitu moja kwa moja: jicho linapokielekea kitu chenyewe, hesabu hupungua, kwa kuwa mahali pa kitu na mwelekeo wa jicho vimekuwa kitu kimoja.

Kutoka parietali taarifa hupelekwa mbele, kwenye maeneo ya maandalizi ya mwendo yaliyo nyuma ya paji la uso, kwa njia zaidi ya moja. Njia ya juu hushughulika hasa na kuupeleka mkono mahali. Njia ya chini kidogo hushughulika na umbo la vidole: Hideo Sakata na wenzake nchini Japani walikuta katika kingo za mtaro wa intraparietali seli zinazoitikia umbo la kitu kinachokwenda kushikwa, na Giacomo Rizzolatti na wenzake mjini Parma, Italia, mwaka 1988, walieleza seli za eneo la maandalizi ambazo zingine huamka kwa kushika kwa ncha za vidole na zingine kwa kushika kwa kiganja kizima. Kwa mtu asiye na ugonjwa huu, vidole havingoji kufika kwenye kikombe ndipo vijipange. Hutanuka wakati mkono uko njiani, hufikia upana wake mkubwa zaidi karibu theluthi mbili za muda wa mwendo, kisha huanza kujifunga, na upana huo hufuata ukubwa wa kitu, jambo lililopimwa kwa makini na Marc Jeannerod. Vidole vya mzee vilivyotanuka kama vya kushika sufuria vinaonyesha kwamba kidonda kiligusa njia zote mbili.

Kituo cha mwisho ndani ya gamba la ubongo ni eneo la msingi la mwendo, mbele tu ya mtaro wa katikati, ule unaoitenganisha sehemu ya mbele ya ubongo na parietali. Gustav Fritsch na Eduard Hitzig walionyesha mwaka 1870 kwamba umeme mdogo katika eneo hilo kwa mbwa huchezesha viungo vya upande wa pili wa mwili. Kwa muda mrefu baada ya hapo watu walilifikiria kama kinanda, kila kitufe na msuli wake. Picha hiyo haitoshi: Apostolos Georgopoulos na wenzake walionyesha mwaka 1986 kwamba seli za hapo kila moja ina mwelekeo inaoupendelea, lakini huitikia pia mielekeo ya jirani, na upande ambao mkono utakwenda hupatikana kwa kujumlisha kura za seli nyingi pamoja. Amri hiyo hushuka kwa nyuzi ambazo nyingi huvuka kwenda upande wa pili pale ubongo unapoungana na ugwe wa mgongo, na ndiyo maana kidonda cha kushoto kiliugusa mkono wa kulia. Kwa mzee wetu eneo hili lilikuwa zima. Lilipokea agizo lenye mahali pasipo sahihi, nalo likalitekeleza kwa ustadi, na ndiyo maana mkono wake haukusita wala kutetemeka ulipokwenda kutua pembeni.

Sasa fundo la wavu linaeleweka. Mkono wa kushoto ukiwa umeshika ukingo wa tundu, mahali pa kupitisha sindano panajulikana kwa mguso na kwa hisi za viungo. Taarifa hiyo hufika kwenye eneo la hisi za mwili, nyuma tu ya mtaro wa katikati, jirani kabisa na eneo la mwendo, na kutoka hapo ina njia zake za kuufikia mkono ambazo hazipiti kwenye hesabu ya macho. Mzee huyu alikuwa na miaka mingi ya kazi ambayo ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye vidole. Kiharusi kiliikata njia moja na kuiacha nyingine, na waliomshuku waliziona njia hizo mbili kama moja.

Kinyume cha kisa hiki kipo, na ni vizuri kukiweka kando yake. Mwanamke anayejulikana katika maandishi ya kitaalamu kwa herufi D.F. alidhurika ubongo mwaka 1988 kwa hewa ya kaboni monoksidi. Kama ilivyoelezwa na Melvyn Goodale, David Milner na wenzao mwaka 1991, yeye hakuweza kusema tundu limelala au limesimama, lakini alipopewa kadi aipenyeze, mkono wake uliigeuza sawasawa. Mzee wetu alisema sawasawa na mkono ukakosea, D.F. alikosea kusema na mkono ukapatia. Visa hivi viwili vikisomwa pamoja ni vigumu kuendelea kuamini kwamba kuna kuona kwa namna moja tu.

Kutokana na hayo tulijaribu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza linaonekana kupingana na akili. Nilimwonyesha kikombe pembeni, nikamwambia afumbe macho, tuhesabu pamoja hadi tano, kisha anyooshe mkono akiwa bado amefumba. Mtu asiye na ugonjwa huu hufanya vibaya zaidi kwa namna hiyo. Yeye alifanya vizuri zaidi, na mkewe aliyekuwa amekaa kwenye benchi alisimama kuangalia. Milner na wenzake waliripoti jambo hilo hilo kwa mgonjwa wao mwaka 1999, kwa kusubiri sekunde tano. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mkono unapokwenda papo hapo hutegemea njia ya parietali, lakini ukicheleweshwa hutumia kumbukumbu ya mahali, inayohifadhiwa na njia nyingine kabisa ya uoni, isiyopita parietali, ambayo kazi yake ni kutambua vitu. Kwake yeye njia hiyo ilikuwa haijaguswa.

Mazoezi tuliyapanga juu ya msingi huo. Hatukumpa mazoezi ya nguvu, ambayo hakuyahitaji. Alifundishwa kupeleka macho kwanza na kuyatuliza juu ya kitu, ndipo mkono ufuate. Kuugusa ukingo wa meza au sinia na kuteleza nao hadi kwenye chombo. Na bakuli la mboga liliwekwa kushoto kwake, mahali pale pale kila mlo. Mwaloni, mkono wa kushoto ndio uliotumwa kutafuta tundu linalofuata kwa kufuata nyuzi, na wa kulia ukaja ukiufuata. Hilo la mwisho alilibuni mwenyewe, na lilikuwa bora kuliko tulichokuwa tumekiandaa. Nilizungumza pia na wanawe wawili, nikawaonyesha jaribio la kikombe mbele ya macho yao, na miwani ikarudishwa sandukuni.

Baada ya miezi kadhaa anakula na wageni na anashona nyavu kwa ujira kama zamani, polepole zaidi kidogo. Palipobaki na mvutano ni ombi lake la kurudi kwenye mtumbwi usiku, kusaidia kuvuta wavu. Tulilikataa, na sababu haikuwa umri wala shinikizo la damu peke yake. Laure Pisella na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba mgonjwa mwenye ataksia ya uoni, kitu kikihama wakati mkono uko njiani, hushindwa kuurekebisha mwendo kwa haraka, marekebisho ambayo mtu asiye na ugonjwa huu huyafanya kabla hata hajatambua kwamba kitu kimehama. Kamba inayorushwa kutoka mtumbwi mmoja hadi mwingine, gizani, katika mawimbi, ni kitu kinachohama wakati mkono uko njiani, na hapo hakuna nafasi ya kutuliza macho wala ya kuhesabu hadi tano. Nilimrushia mpira wa vitambaa chumbani ili aone mwenyewe. Alipousubiri utue aliuokota, alipotakiwa kuudaka ulimpita kila mara. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kwenda mtumbwini kuketi tu na kuwaelekeza vijana. Tulikubaliana kwamba mchana, ziwa likiwa shwari, akiwa ameketi katikati na amevaa boya, inawezekana. Anahudhuria kliniki ya shinikizo la damu kila mwezi, na kipimo cha mkono wa kulia katika upande wa kulia wa uoni, macho yakiwa yametulia katikati, bado kinaonyesha kosa, ingawa limepungua.